Uchumi, Vita na Mapatano: Mchezo wa Victoria 3 Mbele ya Historia ya Kongo ya Mashariki

1. Utangulizi

Ipo aina ya michezo ya kompyuta ambayo humkabidhi mchezaji dola zima badala ya shujaa mmoja. Mfano wake unaojulikana sana ni Victoria 3, uliotungwa Stockholm, nchini Sweden, na kutolewa Oktoba 2022. Mchezo huo huanza mwaka 1836 na kukoma mwaka 1936. Makala haya yanaeleza jinsi unavyounganisha uchumi, mapatano na vita, kisha yanaupima kwa maandishi ya Kiswahili yanayohusu Kongo ya Mashariki katika karne hiyo hiyo.

2. Uchumi

Msingi wa mchezo ni watu. Wakazi wa kila nchi wamegawanywa katika mafungu kufuatana na kazi, mahali pa kazi, utamaduni na dini. Shamba, mgodi au kiwanda huhitaji wafanyakazi na malighafi, nacho hutoa bidhaa ambazo bei yake hupanda zikiadimika na kushuka zikijaa. Mtawala anayejenga viwanda vya zana bila kuwa na chuma cha kutosha huona faida yote ikimezwa na bei ya chuma.

Aidha, yamo makundi manane ya maslahi, kama vile wenye ardhi, wenye viwanda, wanajeshi, watu wa dini na vyama vya wafanyakazi. Kila kundi hupata nguvu kutokana na mali na wingi wa watu wake, na kwa nguvu hizo huunga mkono au hupinga sheria. Basi kila kiwanda kipya huzalisha pia wadai wapya wa siasa.

3. Mapatano na vita

Vita havizuki ghafla. Nchi inayotaka jimbo au utii wa nyingine hutangaza dai lake. Muda huwekwa, na katika muda huo kila upande hutafuta wasaidizi kwa kuwaahidi fungu la mapato. Anayejiona dhaifu aweza kusalimu amri na kutoa kilichodaiwa. Pasipo hivyo, vita huanza.

Mchezaji haongozi kikosi kimoja kimoja, bali huwapa majemadari eneo la mapigano na amri ya kushambulia au kulinda. Bunduki na risasi ni bidhaa za soko lile lile la ngano na nguo. Hazina ikikauka, jeshi hulegea. Tena anayedai kupita kiasi hujipatia sifa mbaya, hata mataifa makubwa yakaungana dhidi yake. Kwa hiyo uchumi, mapatano na vita ni mafiga matatu: likiondolewa moja, chungu hupinduka.

4. Kipimo: maisha ya Tippu Tip

Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na maandishi hayo yakachapishwa Berlin miaka ya 1902 na 1903. Humo mafiga yote matatu yanaonekana. Mtaji wake ulikuwa mkopo: Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, alimpa bidhaa naye akalipa kwa pembe za ndovu. Vita vyake vilitegemea bunduki; kwa bunduki hizo alimshinda Nsama wa Itabwa mwaka 1867.

Mapatano yake yalikuwa ya namna nyingi. Huko Utetela alijitambulisha kuwa wa ukoo wa mtawala Kasongo Rushie kwa njia ya jamaa wa kike aliyetekwa zamani, akapokewa kama ndugu na kuachiwa utawala. Mwaka 1887 alikubali kuwa wali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, chini ya dola la Leopold II, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Lakini mapatano hayo hayakudumu. Ngongo Lutete, aliyekuwa upande wa wafanyabiashara hao, aliwageuka mwaka 1892, na vita vilivyofuata viliangusha utawala wao kufikia mwaka 1894.

5. Pengo la mchezo

Hapa ndipo upungufu wa mchezo unapodhihirika. Ulipotolewa, jamii nyingi za ndani ya Afrika ziliwekwa katika fungu la mataifa yasiyo na serikali kuu, ambayo hakuna awezaye kuyaongoza. Yanaweza kuasi, lakini kazi yao kubwa ni kungoja kutawaliwa. Mchezo unalitambua dola lenye mipaka, sheria na hazina. Utawala uliosimama juu ya deni, undugu na msafara hauna mahali humo. Asiyejua historia ataamini kwamba nchi ilikuwa tupu, na hoja ya nchi tupu ndiyo iliyotumiwa kuhalalisha kutwaliwa kwake.

Hata hivyo, maandishi ya Tippu Tip nayo yasisomwe kana kwamba ndiyo ukweli mtupu. Yanasimulia kwa sauti ya mshindi. Pembe zilipatikana pia kwa uvamizi, na watu walitekwa na kufanywa watumwa. Hao hawasemi katika kitabu, kama vile hawasemi katika mchezo.

6. Hitimisho

Victoria 3 unafundisha vizuri kwamba bei ya chuma, ahadi ya mjumbe na mwendo wa jeshi ni mambo yanayofungamana. Haufundishi nani alistahili kuitwa mtawala. Kwa swali hilo mwanafunzi wa Kongo anayo maandishi ya Kiswahili ya kuyahoji, na pembeni yake masimulizi ya Watetela, Wasongye na Waluba kuhusu miaka ile ile. Kuyalinganisha hayo ni kazi ya idara za lugha sawa na idara za historia.