Windows 10 imefikia kikomo: wafanyabiashara wa Kilosa na Mikumi wabadili au wasubiri?

Kompyuta ya dukani ni mali ya biashara kama ilivyo mizani, friji au pikipiki ya kusambazia mzigo. Hununuliwa kwa mtaji, huchakaa, na siku moja mwenye mali hulazimika kuamua aitengeneze, aibadili au aiache imalize siku zake. Uamuzi huo umewafikia wafanyabiashara wengi wa Kilosa na Mikumi tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10.

Mfumo endeshi ndiyo programu mama ya kompyuta. Ndiyo inayoiamsha mashine, inayosimamia diski na printa, na ndiyo inayozibeba programu nyingine zote. Windows 10 ilitoka Julai 29, 2015, na ikahudumiwa kwa miaka kumi. Huduma iliposimama, hakuna kompyuta iliyozimika. Mashine zinawaka, zinachapa barua na zinafungua vitabu vya hesabu kama kawaida. Kilichokoma ni viraka vya usalama vilivyokuwa vikitolewa bure kila mwezi kuziba nyufa zinazogunduliwa ndani ya programu.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa uamuzi huu. Mwenye steshenari karibu na stesheni ya Kilosa anaona mashine yake inafanya kazi. Fundi anamwambia abadili. Fedha ya kubadili ndiyo hiyo hiyo ya kununulia karatasi na wino. Haishangazi kwamba wengi wanaamua kungoja.

HASARA HUJA KIMYA KIMYA

Mfano wa kukumbukwa ni wa Mei 2017, pale kirusi kilichoitwa WannaCry kilipoenea katika nchi zipatazo 150. Kirusi hicho kilifunga mafaili ya mwenye kompyuta, kisha kikadai fidia ya dola 300 ili kuyafungua. Hospitali za umma za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Ikumbukwe kuwa Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha ufa huo Machi 14 mwaka huo huo, miezi miwili kabla. Walioumia zaidi walikuwa watumiaji wa Windows 7, mfumo ambao wakati huo ulikuwa bado unahudumiwa, lakini kiraka hawakuwa wamekiweka.

Tukio hilo lina mafunzo mawili kwa mfanyabiashara. Kwanza, mfumo usiotolewa viraka ni mlango usio na komeo. Pili, mfumo mpya peke yake hauokoi kitu kama mwenyewe amezima masasisho ili kuokoa kifurushi cha intaneti, jambo ambalo ni la kawaida sana mitaani.

Mwenye nyumba ya wageni Mikumi ana sababu nyingine ya kufikiri. Wageni wanaokuja kutazama hifadhi, na madereva wa barabara kuu ya kwenda Zambia, huacha majina, namba za simu na nakala za vitambulisho au pasipoti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitunze kwa usalama. Kwa mnunuzi wa mahindi, mpunga au ufuta huko Kilosa, hatari iko kwenye daftari la madeni lililomo ndani ya kompyuta. Likifungwa na kirusi wakati wa mavuno, nani atakumbuka nani anadaiwa nini?

MASHINE YENYEWE IPIMWE KWANZA

Windows 11, iliyotoka Oktoba 5, 2021, hutolewa bila malipo kwa mwenye Windows 10 halali. Shida ni masharti yake. Kompyuta iwe na kumbukumbu ya RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, na kichipu cha kutunzia funguo za siri kiitwacho TPM toleo la 2.0. Prosesa nayo iwe miongoni mwa zilizoidhinishwa, na kwa upande wa Intel orodha hiyo inaanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha 8, kilichoingia sokoni mwaka 2017.

Sharti hilo la prosesa ndilo linalowakwamisha wengi, kwa sababu mashine nyingi za maduka madogo ni zile zilizokwisha kutumika Ulaya (Ulaya ya ng'ambo, si ile ya wilayani Kilosa). Kwa macho hazitofautiani. Kinachosema ukweli ni namba ya prosesa: iliyoandikwa i5-6300U ni ya kizazi cha 6 na haimo kwenye orodha, i5-8350U ni ya kizazi cha 8 na imo. Anayenunua mashine ya mtumba leo aisome namba hiyo kabla ya kuulizia bei, maana muuzaji anayetaka kuondoa mzigo wa zamani hatakuwa na haraka ya kumweleza.

Microsoft hutoa bure programu ndogo iitwayo PC Health Check ambayo hupima mashine na kutoa jibu. Wakati mwingine jibu huwa hapana kwa sababu tu TPM imezimwa ndani ya mipangilio ya mashine, na fundi anaweza kuiwasha kwa dakika chache. Aidha, masharti ya chini ni ya kuwezesha kuwaka tu. Kwa kazi ya siku nzima, RAM ya GB 8 na diski ya SSD ndivyo humwondolea mteja foleni.

NJIA NNE

Njia ya kwanza ni kupanda kwenda Windows 11 kwa mashine inayokubalika. Kwa mwenye mashine ya namna hiyo hakuna sababu kubwa ya kusita, ila ahakikishe kwanza kwamba printa yake na programu yake ya hesabu vinakubaliana na mfumo mpya.

Njia ya pili ni kununua muda. Microsoft ilitangaza mpango wa viraka vya nyongeza kwa Windows 10 toleo la 22H2. Kwa watu binafsi bei ilikuwa dola 30 kwa kipindi cha hadi Oktoba 13, 2026, au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft. Kwa makampuni na taasisi bei ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na huongezeka maradufu kila mwaka, kwa miaka isiyozidi mitatu.

Njia ya tatu ni kuhamia mfumo huria wa Linux, kama Ubuntu au Linux Mint, ambao hauna ada na hukubali mashine nyingi zilizokataliwa na Windows 11. Ubuntu 24.04 ilitoka Aprili 2024 na hupewa viraka kwa miaka mitano. Jambo hili si geni nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisini kwa Kiswahili. Mfanyabiashara anayetumia kompyuta kuingia mfumo wa zabuni wa NeST, usajili wa BRELA au tovuti ya TRA anahitaji zaidi kivinjari kama Chrome au Firefox, na vivinjari hivyo vipo kwenye Linux. Lakini anayetegemea Tally au QuickBooks ya kwenye kompyuta asikimbilie huko, kwani programu hizo zimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Linux inaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kwa hiyo jaribio halina hasara.

Njia ya nne ni kuiondoa mashine kwenye intaneti na kuiachia kazi moja tu, kama kuchapa. Hatari hupungua, ila haiishi. Kwenye steshenari kila mteja huja na flashi yake, na flashi ni njia ya zamani ya virusi.

Ipo njia ya tano inayouzwa mitaani: kulazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyokubalika, au kuweka nakala isiyo halali pamoja na programu ya kuivunja kufuli. Microsoft haitoi uhakika wa masasisho kwa mashine iliyolazimishwa. Na programu za kuvunja kufuli zenyewe ni mojawapo ya mahali virusi hujificha. Anayepita hapo hulipia ulinzi kidogo akapata hatari zaidi.

HESABU YA KARATASI MOJA

Tuseme dola moja ni Sh 2,500. Dola 30 ni Sh 75,000. Mpango wa makampuni kwa miaka mitatu ni dola 61, kisha 122, kisha 244, jumla dola 427, yaani Sh 1,067,500 kwa kompyuta moja. Kwa hiyo viraka vya kulipia vinafaa kama daraja la mwaka mmoja la kukusanyia fedha ya mashine nyingine. Kukaa darajani miaka mitatu ni kumwaga mtaji kwenye mashine inayozidi kuzeeka.

Upande wa pili uandikwe gharama ya kusimama. Tuseme steshenari inabakiza faida ya Sh 20,000 kwa siku. Mashine ikifungwa na kirusi, na fundi anayeaminika akawa Morogoro mjini, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mikumi, siku tano zinaweza kupita. Hizo ni Sh 100,000 kabla ya nauli, ujira wa fundi na wateja waliohamia kwa jirani. Mafaili yaliyopotea hayana bei.

Kompyuta inayotumika mara moja kwa wiki kwa kusikiliza muziki ina hesabu tofauti na ile inayoshika mauzo yote. Kila mfanyabiashara aweke namba zake mwenyewe.

KABLA YA KUGUSA KITU

Yoyote itakayochaguliwa, kazi ya kwanza ni nakala ya mafaili yote kwenye diski ya nje, na diski hiyo ilale mahali pengine mbali na duka. Wakazi wa Kilosa hawahitaji kukumbushwa mafuriko ya mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyowaacha watu bila makazi na kuharibu reli. Diski iliyo droo moja na kompyuta huondoka na maji yale yale.

Pili, faili la Windows 11 linazidi GB 5. Ni nafuu fundi alipakue mara moja kwenye flashi kuliko kila mwenye duka kumaliza kifurushi chake. Tatu, umeme ukikatika katikati ya kazi, mfumo unaweza kuharibika. Laptopu iwe na betri nzima, na kompyuta ya mezani iwe na betri ya akiba.

Mwisho ni kuchagua wakati. Mwenye nyumba ya wageni Mikumi afanye kazi hii wakati wa masika, watalii wanapopungua. Mnunuzi wa nafaka asingoje mavuno yaanze, na mwenye steshenari aiepuke Januari, shule zinapofunguliwa. Anayepanga tarehe mwenyewe atafunga duka kwa nusu siku. Asiyepanga atapangiwa na mashine yake, na mara nyingi mashine huchagua siku yenye wateja wengi.