BWAWA LISILOINGIZA PESA NI DENI LILILOJIFICHA

WANUNUZI wa viwanja hupenda maji. Kiwanja kilicho ukingoni mwa ziwa dogo, penye mitumbwi na samaki, huuzwa ghali kuliko kile cha ng'ambo ya barabara. Lakini ziwa linaposhikiliwa na tuta la udongo la mtu binafsi au kampuni, mnunuzi ananunua pia sehemu ya afya ya tuta hilo, apende asipende.

Wahasibu wanajua kwamba mali hutunzwa vizuri wakati inapoingiza pesa. Mapato yakikoma, bajeti ya matengenezo huwa ya kwanza kukatwa. Kwa lori bovu hasara huishia gereji. Kwa bwawa, uzito wa maji hauendi likizo hata kama mwenye mali ameshafunga vitabu.

MFANO WA TOCCOA

Bwawa la Kelly Barnes lilikuwa juu ya maporomoko ya Toccoa, katika jimbo la Georgia, Marekani. Lilianza mwaka 1899 kama ukuta mdogo wa magogo na mawe wa kuzalishia umeme. Katika miaka ya 1930 chuo cha Biblia kilichokuwa bondeni kiliamua kujenga tuta la udongo juu ya ukuta huo wa zamani, na baadaye tuta likaongezwa kimo hadi kufikia takriban mita 12.

Umeme ulizalishwa hadi mwaka 1957. Baada ya hapo mitambo ilisimama, na ziwa la ekari zipatazo 40 likabaki kuwa mahali pa mapumziko. Kibiashara, hapo ndipo hesabu ilipogeuka: mali ikaacha kuwa mtambo wa kipato ikawa mandhari. Misonobari ikaota kwenye tuta. Mteremko wa upande wa bondeni ulikuwa mkali mno, na picha ya mwaka 1973 ilionyesha kwamba sehemu yake ilikwisha kuporomoka.

Usiku wa kuamkia Novemba 6, 1977, baada ya mvua kubwa, tuta lilipasuka kiasi cha saa 7:30. Zaidi ya mita za ujazo 700,000 za maji zilishuka kwenye makazi ya chuo, watu wakiwa wamelala. Watu 39 walifariki dunia.

Wachunguzi wa serikali hawakuweza kutaja chanzo kimoja tu. Walionyesha mambo kadhaa yaliyoweza kuchangia, yakiwemo kuporomoka kwa mteremko na maji kupenya ndani ya tuta. Hakuna hata moja kati ya hayo lililozuka usiku ule.

Sheria ya ukaguzi wa mabwawa ilikuwapo Marekani tangu mwaka 1972, ila fedha za kuitekeleza hazikutolewa. Baada ya Toccoa, Rais Jimmy Carter, mwenyeji wa Georgia, aliagiza ukaguzi uanze. Hadi mwaka 1981 wahandisi wa jeshi walikuwa wamekagua mabwawa 8,818 yasiyo ya serikali kuu, yale ambayo yangepasuka yangehatarisha maisha ya watu. Takriban theluthi moja yalionekana si salama.

NANI HULIPA?

Kwa mwekezaji mdogo, somo lililo karibu zaidi na mfuko ni la Edenville, jimbo la Michigan. Hapo kampuni binafsi ya Boyce Hydro ilimiliki bwawa la udongo lililojengwa katika miaka ya 1920, na nyuma yake ziwa Wixom lililozungukwa na nyumba za mapumziko.

Bwawa lilikuwa na leseni ya kuzalisha umeme. Mamlaka ya nishati ya serikali kuu ilitaka utoro wake, yaani njia ya kupitishia maji yanayozidi, upanuliwe ili uhimili mafuriko makubwa. Mvutano ulidumu miaka mingi, na mwaka 2018 leseni ikafutwa. Kampuni ikapoteza mapato ya umeme, lakini ziwa likabaki limejaa na tuta likabaki lilelile.

Mei 19, 2020, tuta lilivunjika. Watu wapatao 10,000 walihamishwa na hakuna aliyekufa. Mwezi Julai mwaka huohuo kampuni ikaomba kinga ya mufilisi mahakamani. Gati za mitumbwi zikabaki zimesimama juu ya tope, mbele ya nyumba zilizonunuliwa kwa bei ya ziwa.

Ukarabati wa mabwawa ya eneo hilo ulichukuliwa na chombo cha umma. Serikali ya jimbo ilitoa takriban dola milioni 200. Hazikutosha. Mwaka 2024 wenye viwanja waliwekewa tozo maalumu inayozidi kwa jumla dola milioni 200, ya kulipwa kwa miaka mingi. Baadhi yao walikwenda mahakamani kuipinga. Kwa maneno mengine, gharama ambayo mwenye bwawa hakuilipa iliwarudia majirani, pamoja na walipa kodi ambao hawajawahi kutia kasia katika ziwa hilo.

KABLA YA KUTIA SAINI

Mnunuzi makini huuliza mambo manne. Kwanza, nani ni mmiliki wa tuta kisheria, na analipia matengenezo kwa mapato gani? Pili, mhandisi alilikagua lini mara ya mwisho, na ripoti iko wapi? Tatu, utoro unapitisha maji ya mvua kubwa kiasi gani, na je, uko wazi au umezibwa na magogo na nyavu za kuzuia samaki? Nne, kuna bima, na inafidia mafuriko? Nchini Marekani bima ya kawaida ya nyumba haifidii.

Kisha atembee upande wa pili wa tuta, ule usio na mandhari. Miti mikubwa, mashimo ya wanyama, nyufa na udongo unaotoa maji wakati wa kiangazi ni alama za kumrudisha mezani kujadili bei upya, au kumfanya aachane na biashara hiyo kabisa.