Kuipima nguvu ya uvutano kwa saa

Richard Burton na John Speke walipofuata njia ya misafara kutoka pwani hadi Ujiji kupitia Kaze, yaani Tabora ya leo, mwaka 1857 na 1858, kronomita zao ziliwaharibikia. Msafiri asiye na saa ya uhakika hawezi kuijua longitudo yake kwa kupima nyota. Basi wakatengeneza pendulo: risasi ya bunduki iliyoning’inizwa kwa uzi wa inchi 39, karibu mita moja, kila mbembeo ukichukua sekunde moja. Urefu huo haukubahatishwa. Mwendo wa pendulo hupangwa na nguvu ya uvutano ya dunia.

Wanafizikia nao hutumia saa, ila wanachokipima ni uvutano wenyewe. Mwaka 1974, kwa darubini ya redio ya Arecibo huko Puerto Rico, Russell Hulse na Joseph Taylor waligundua pulsa, nyota ya nutroni inayojizungusha mara 17 hivi kwa sekunde na kutuma mpigo wa redio kila izungukapo. Mipigo ilikuwa ikiwahi, kisha ikichelewa: pulsa ilikuwa na nyota mwenza, nazo huzungukana kwa saa 7 na dakika 45. Ziko upande wa kundinyota la Tai, ambalo katikati ya Agosti, saa tano usiku, hupita juu sana katika anga ya Tabora, ingawa jozi yenyewe haionekani kwa macho.

Kwa nadharia ya Einstein, nyota zinazozungukana hutoa mawimbi ya uvutano. Mawimbi hayo huchukua nishati, nyota zikasogeleana, mzunguko ukafupika. Kwa jozi hii ufupisho ni sehemu 76 za milioni ya sekunde kwa mwaka. Ni kidogo mno, lakini hujilimbikiza, na uzuri wa kipimo hiki uko hapo: baada ya miaka 30 nyota hizo zilikuwa zinafika pale zinapokaribiana zaidi sekunde 40 hivi mapema kuliko kama mzunguko usingefupika, sawasawa na hesabu. Nadharia pinzani zilizodai nishati hupotea haraka zaidi zilibanwa.

Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya LIGO na Virgo ilinasa mawimbi ya uvutano ya nyota mbili za nutroni zilizogongana umbali wa miaka ya nuru milioni 130. Mionzi ya gama, ambayo ni aina ya nuru, ikafuata sekunde 1.7 baadaye. Safari ndefu kiasi hicho, na hata sekunde mbili hazikutimia! Mawimbi ya uvutano yana kasi ya nuru, na nadharia kadhaa zilizobuniwa kueleza kwa nini ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka zikakosa pa kusimamia, maana zilitabiri kasi tofauti.