Kilo Mia Moja za Giulia: Namna Gari la Saluni la Kifahari Linavyopunguzwa Uzito kwa Ajili ya Uwanja wa Mbio

Gari la saluni la kifahari lenye injini ya kimichezo hutengenezwa ili litimize haja mbili zinazokinzana, kwa kuwa mnunuzi wake hutaka ukimya, viti vipana vyenye mota na vipasha joto, vioo vinene vinavyozuia kelele na nafasi ya kutosha kwa abiria wa nyuma, na wakati huohuo hutaka gari hilohilo liweze kukimbizwa katika uwanja wa mbio, yaani njia ya lami iliyofungwa na kujengwa mahususi kwa mashindano na mazoezi ya udereva wa kasi. Barabarani haja hizo hupatana bila taabu, lakini uwanjani, ambako breki hukanyagwa kwa nguvu zote mara kadhaa katika kila mzunguko, starehe hudhihirika kuwa ni mzigo, na ndiyo maana watengenezaji na wamiliki hutumia fedha na maarifa mengi ili kuupunguza.

Faida ya wepesi hueleweka vizuri zaidi ikilinganishwa na faida ya kuongeza nguvu za injini. Injini yenye nguvu zaidi humsaidia dereva pale tu anapokanyaga mafuta, ilhali gari jepesi humsaidia anapoongeza kasi, anapofunga breki na anapopita kwenye kona. Gari la kilo 1,620 linaloshushwa kutoka kilomita 200 kwa saa hadi 80 hupoteza nishati ya mwendo ya takriban megajuli 2.1, na karibu yote hugeuka kuwa joto katika diski na pedi za breki. Gari hilo likipunguzwa kilo 100, joto hilo hupungua kwa asilimia 6 hivi kila mara breki zinapofungwa namna hiyo. Kiasi hicho huonekana kidogo hadi izingatiwe kwamba breki za uwanjani hazipewi muda wa kupoa, na kwamba mafuta ya breki yakianza kuchemka pedali huzama bila gari kusimama inavyotakiwa. Kwenye kona nako kuna sababu isiyojulikana na wengi: tairi linalobanwa na mzigo maradufu halipati mshiko maradufu, bali hupata pungufu ya hapo, kwa hiyo kila kilo inayoondolewa huliacha tairi likiwa na mshiko mkubwa zaidi kwa kulinganisha na kazi linayopaswa kuifanya.

Mfano unaoonyesha kazi hii kwa uwazi kuliko mingine ni Giulia GTAm ya kampuni ya Alfa Romeo ya Italia, iliyotangazwa mwaka 2020, kampuni hiyo ilipokuwa ikitimiza miaka 110 tangu ianzishwe mjini Milano. Jina lake lilirudisha kumbukumbu ya Giulia Sprint GTA ya mwaka 1965, gari la milango miwili ambalo mabati yake ya nje yalifanywa kwa aloi ya alumini badala ya chuma, likapungua hadi kilo 745 wakati gari la kawaida la jamii yake lilikuwa na kilo 950 hivi, na mwaka uliofuata likashinda ubingwa wa Ulaya wa mbio za magari ya kawaida likiendeshwa na Andrea de Adamich. Wahandisi wa mwaka 2020 walikuwa na kazi ngumu zaidi, kwa sababu gari waliloanza nalo, Giulia Quadrifoglio, tayari lilikuwa na boneti, paa na shafti ya kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma vilivyotengenezwa kwa nyuzi za kaboni, yaani nyuzi nyembamba zilizofumwa na kushikamanishwa kwa gundi ngumu, ambazo huwa na uzito wa gramu 1.6 hivi kwa kila sentimita ya ujazo wakati chuma kina gramu 7.8. Njia iliyo rahisi kuifikiria ilikuwa imekwisha kutumika, na kilo 100 nyingine zilipaswa kutafutwa mahali pengine.

Zilitafutwa katika mambo ambayo mnunuzi wa gari la kifahari huyaona kila siku. Kiti cha nyuma kiliondolewa, na mahali pake pakawekwa fremu ya kuimarisha bodi pamoja na vishikizo vya helmeti na kizimamoto. Viti vya mbele vikawa vya ganda la kaboni vyenye mikanda inayofungwa katika sehemu sita. Mapambo ya ndani ya milango yakatolewa na mshikio wa kufungulia ukawa utepe wa kitambaa. Vioo vya pembeni na vya nyuma vilibadilishwa kuwa vya polikaboneti, plastiki ngumu yenye nusu ya uzito wa kioo kwa ujazo uleule, na mfumo wa bomba la moshi ukatengenezwa na kampuni ya Akrapovič kwa titani, metali ambayo huvumilia joto kali ilhali uzito wake ni zaidi kidogo ya nusu ya ule wa chuma. Bampa ya mbele na madigadi ya magurudumu ya mbele yakawa ya kaboni. Matokeo yake ni gari la milango minne lenye kilo 1,520 hivi na nguvu za farasi 540, na idadi ya GTAm pamoja na ndugu yake GTA, aliyebakiziwa kiti cha nyuma, haikuzidi 500. Hakuna kifaa kimoja kilicholeta wepesi huo peke yake, na yeyote anayetafuta sehemu moja ya ajabu ya kubadilisha ili gari lake liwe jepesi atahangaika bure.

Hata hivyo, hesabu ya jumla ya kilo haielezi habari yote, kwa kuwa kilo hazina thamani sawa. Zilizo ghali kuliko zote ni zile za magurudumu, tairi, diski na vishikio vya breki, ambazo wahandisi huziita uzito usiobebwa na springi, kwa maana kwamba sehemu hizo hupanda na kushuka pamoja na mabonde ya lami na hazina springi ya kuzituliza. Gurudumu jepesi hurudi upesi zaidi chini baada ya kuruka juu ya ukingo wa kona, kwa hiyo tairi hukaa muda mrefu zaidi likiwa limeshika lami. Tena, kwa kuwa gurudumu huzunguka, injini hulipa mara mbili, kwanza kulisogeza mbele na kisha kulizungusha. Ndiyo maana diski za breki za kaboni na kauri, ambazo bei yake humshtua mnunuzi, hupendwa uwanjani. Katika BMW M5 CS ya mwaka 2021 breki za aina hiyo peke yake zilipunguza kilo 23, ambazo ni karibu theluthi moja ya kilo 70 zote zilizopunguzwa katika gari hilo.

Baada ya magurudumu hufuata kilo zilizo juu, kwa sababu paa jepesi hushusha kitovu cha uzito na kulifanya gari lisiegemee sana upande mmoja kwenye kona, na kisha kilo zilizo kwenye ncha za gari. Mchukuzi wa mzega anajua kwamba mizigo iliyoning'inia mbali na bega hukataa kugeuka pamoja naye na, ikishaanza kugeuka, hukataa kusimama. Betri iliyo mwisho wa buti na bampa iliyo mbele ya magurudumu hulifanyia gari jambo hilohilo.

Mmiliki asiye na kiwanda anaweza kuanza na vitu visivyohitaji fundi: tairi la akiba, jeki, vifaa vya buti na mafuta yasiyohitajika, kwa kuwa lita 40 za petroli ni takriban kilo 30 ambazo hazina faida yoyote kwa mizunguko michache. Betri ya risasi ikibadilishwa kwa ya lithiamu, kilo zaidi ya 10 huweza kuondoka. Kuondoa kiti cha nyuma ndilo jambo linalowashawishi wengi, lakini faida yake si kubwa kama inavyodhaniwa: katika Jaguar XE SV Project 8, saluni iliyotangazwa mwaka 2017, mfumo wa viti viwili vya kaboni bila kiti cha nyuma ulipunguza kilo 12.2 tu kutoka kwenye ule wa viti vinne, kwa sababu fremu ya kushikilia mikanda nayo ina uzito.

Kuna vitu ambavyo havipaswi kuguswa, na hapa ni lazima kusema bila kuzunguka. Kiti cha umeme kikitolewa, mara nyingi hutoka pamoja na mfuko wa hewa wa pembeni. Mikanda ya mbio ikifungwa vibaya, bila fremu inayolinda paa, humzuia dereva kuinama wakati gari linapopinduka na kumwacha shingo yake ikibeba paa. Na fremu ya chuma isiyofunikwa ndani ya gari la barabarani humgonga kichwani mtu asiyevaa helmeti. Boriti za milango, sehemu za mbele zinazojikunja wakati wa ajali na mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge vinaokoa maisha, na kilo zao zina kazi kila siku.

Gari lililopunguzwa uzito pia halipaswi kurudishwa uwanjani hivyohivyo. Springi zilizochaguliwa kwa gari zito hulinyanyua gari jepesi na kuwa ngumu mno kwake, pembe za magurudumu hubadilika, na mgawanyo wa uzito kati ya mbele na nyuma huenda ukaharibika iwapo kilo nyingi zimetoka nyuma, jambo linalotokea sana kwa sababu injini haitoki. Fundi makini hulipima gari kwa mizani minne, mmoja chini ya kila gurudumu, dereva akiwa ameketi, ndipo arekebishe urefu wa springi na ugumu wa shokabsoba.

Ugumu wa kazi hii unaongezeka. BMW M5 CS ilikuwa na kilo 1,825 na nguvu za farasi 635, kiasi cha kilo 2.9 kwa kila nguvu moja ya farasi, na Giulia GTAm ina kilo 2.8. M5 mpya ya mwaka 2024, inayounganisha injini ya petroli na mota ya umeme, ina nguvu za farasi 727 lakini uzito wake umefikia kilo 2,435, yaani kilo 3.3 kwa kila nguvu moja ya farasi. Betri yake kubwa haiwezi kung'olewa kwa kuwa ni sehemu ya mfumo unaoliendesha gari, hivyo kinachobaki kwa mmiliki ni viti, rimu, breki na bomba la moshi, ambavyo hata vikibadilishwa vyote havitarudisha nusu ya kilo 610 zilizoongezeka juu ya uzito wa CS.