Kupika Udongo wa Kitalu

Mkulima wa nyanya akiona miche imelegea mchana ilhali udongo una maji, wa kwanza kulaumiwa huwa muuza mbegu. Ang'oe mche mmoja atazame mizizi. Akikuta vinundu, adui ni minyoo fundo, na huyo alikuwa udongoni kabla mbegu haijanunuliwa.

Zamani mashamba makubwa, yakiwemo ya maua nchini Kenya, yalimuua kwa gesi ya methili bromidi. Gesi hiyo hula tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal ilizitaka nchi zinazoendelea ziiache ifikapo 2015. Mkulima mdogo wala hakuwahi kuimudu. Yeye ana joto.

Wengi hulitumia kwa kuchoma mabua juu ya kitalu. Mimi sishauri. Udongo mkavu hupitisha joto kwa shida, hivyo sentimita chache za juu huungua pamoja na mboji yake, na minyoo iliyo chini zaidi husalimika.

Mvuke hufanya kazi tofauti. Unapokutana na chembe baridi ya udongo hugeuka maji, na papo hapo huachia nishati yote iliyotumika kuuchemsha. Kisha unaofuata husonga mbele hadi chembe ya jirani. Kwa udongo wa kujazia viriba, pipa linatosha: maji kidogo chini, wavu juu ya matofali, udongo wenye unyevunyevu juu ya wavu, gunia la kufunikia, moto. Fukia kiazi mviringo kidogo katikati. Kikiiva, udongo nao umeiva.

Vimelea vingi vya magonjwa hufa kwenye nyuzi 60 za Selsiasi kwa nusu saa. Mbegu sugu za magugu hutaka 70 hadi 80. Usidhani kwamba ukizidisha moto unapata usafi zaidi. Joto kali huua hata bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitrati, amonia ikarundikana, manganizi nayo ikafumuka kwa wingi, na miche ikadhurika katika udongo uliodhaniwa salama.

Kwa kitalu cha ardhini, liachie jua kazi. Mwaka 1976 Jaakov Katan na wenzake wa Israel walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa udongo uliofunikwa kwa plastiki msimu wa joto hupoteza vimelea vingi. Lainisha udongo, umwagilie hadi ulowe, tandika nailoni ang'avu igusane nao, fukia kingo zote, uache wiki nne hadi sita. Ang'avu, si nyeusi: nyeusi hupata moto yenyewe, ang'avu hupitisha mwanga ukapashe udongo. Maji nayo si ya hiari, maana ndiyo yanayoteremsha joto, na mbegu au kimelea kilicholowa hufa upesi kuliko kikavu. Ukanda wa pwani, Januari na Februari ndiyo miezi yake. Nyanda za juu zenye mawingu, tumia pipa.

Ukifunua, usilime kwa kina, utapandisha juu udongo ambao haukupata joto. Osha jembe kabla halijaingia kitaluni, na usimwagilie kwa maji yaliyopita shamba lenye ugonjwa. Ndago ni habari nyingine: baadhi ya viazi vyake hukaa chini mno, na nailoni peke yake haivimalizi. Hiyo chimba kwa mkono, kiazi kwa kiazi.