Jinsi uboho unavyosaidia saratani kujipatia mishipa ya damu

Msomaji, huenda umewahi kumsikia mgonjwa wa saratani akisema kwamba ameacha kula vizuri, au amekataa kuongezwa damu hospitalini, kwa kuwa damu nyingi italisha uvimbe wake. Wazo hilo lina ukweli kidogo ndani yake, lakini mwenye kulifuata hujidhuru. Ukweli wenyewe ni huu.

Kila chembechembe ya mwili huhitaji oksijeni na chakula, na vyote viwili huletwa na damu. Uvimbe wa saratani ni vivyo hivyo. Usipopata mishipa yake wenyewe, kwa kawaida hauzidi milimita 1 au 2, ukubwa wa kichwa cha pini. Jambo hili lilielezwa mwaka 1971 na Dkt. Judah Folkman wa Boston, Marekani.

Uvimbe hupataje mishipa hiyo? Mfikirie mtu anayejiunganishia maji kinyemela kutoka bomba kuu la mtaa. Hawezi kufanya kazi hiyo peke yake. Huwatafuta mafundi wa maji wenyewe, wanaojua bomba limepita wapi. Saratani nayo hutumia mafundi wa mwili.

Mafundi hao hutoka kwenye uboho, ule ute laini ulio ndani ya mifupa. Kwa mtu mzima, uboho wa mifupa ya nyonga, kidari, mbavu na uti wa mgongo hutengeneza chembechembe nyekundu bilioni 200 hivi kila siku, pamoja na zile nyeupe za kinga. Ukijikata kisu jikoni, baadhi ya chembechembe hizo nyeupe hukimbilia jeraha, husafisha uchafu na kuhimiza mishipa mipya iote. Jeraha likipona, kazi hukoma.

Uvimbe huiga wito wa jeraha. Hutoa protini iitwayo VEGF, ambayo huchochea mishipa ya jirani kuchipua na pia huita chembechembe kutoka kwenye uboho. Zikifika, nazo huongeza protini za aina hiyo. Tofauti ni kwamba wito huu haukomi.

Mwaka 2001 watafiti nchini Marekani walitumia panya wenye kasoro ya kuzaliwa iliyowazuia kuotesha mishipa ya kulisha uvimbe. Walipowapandikizia uboho wa panya wasio na kasoro hiyo, mishipa iliota na uvimbe ukakua. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba mara nyingi chembechembe za uboho hazigeuki kuwa ukuta wa mshipa. Kazi yake kubwa ni kuhimiza na kuelekeza ujenzi.

Hapa kwetu tunao mfano unaoonekana kwa macho: saratani ya Kaposi, iliyokuwapo Afrika Mashariki hata kabla ya Ukimwi. Madoa yake huwa ya zambarau au kahawia kwa sababu yamejaa vijishipa vya damu. Virusi vinavyoisababisha, vilivyogunduliwa mwaka 1994, huchochea VEGF. Kwa mwenye virusi vya Ukimwi, dawa za ARV ni sehemu muhimu ya tiba yake.

Dawa ya kuzuia VEGF, bevacizumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Hutolewa mara nyingi pamoja na dawa nyingine za saratani. Huweza kupandisha presha na kuchelewesha vidonda kupona, kwa kuwa uvimbe na jeraha hutumia njia moja. Ndiyo maana mgonjwa husimamishiwa dawa hiyo wiki kadhaa kabla ya upasuaji.

Basi, je, ujinyime chakula au damu? La. Uvimbe unalishwa na mishipa uliyojijengea, nao utaendelea kunyonya huku wewe ukidhoofika. Mgonjwa aliyedhoofika hushindwa kuhimili matibabu. Kula vizuri, na daktari akisema unahitaji damu, ikubali.

Ukiona uvimbe usioondoka au doa la zambarau mguuni au kinywani, usingoje liume. Nenda kliniki iliyo karibu. Kwa wakazi wa Jamhuri, Woodley na Kilimani, hata Hospitali Kuu ya Kenyatta haiko mbali ukipewa barua ya kwenda huko. Ukiambiwa ukatwe kinofu kikapimwe, usiogope. Uvimbe hupata mishipa polepole, na kila mwezi unaongoja ni nafasi ya kujiongezea mingine.