Polisi akijiuzulu Marekani, anaweza kuajiriwa tena?

Jibu fupi ni ndiyo, anaweza. Jibu refu tunalieleza hapa, kwa sababu ndani yake kuna uhai wa mtoto.

Marekani haina jeshi moja la polisi. Ina vyombo takriban 18,000 vya miji, kaunti, majimbo na serikali kuu, na kila kimoja huajiri chenyewe. Askari akiacha kazi mji mmoja, anaweza kuomba kazi mji mwingine. Kinachompa ruhusa ya kuwa polisi ni cheti cha jimbo. Asipofutiwa cheti hicho, kujiuzulu peke yake hakumfungii mlango.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Timothy Loehmann. Mwishoni mwa 2012, wakubwa wake katika mji wa Independence, Ohio, waliandika kwamba hafai kazi hiyo, baada ya kushindwa kujimudu kwenye mazoezi ya kulenga shabaha. Alijiuzulu kabla ya kufukuzwa. Mwaka 2014 polisi wa Cleveland walimwajiri bila kupitia faili lake la Independence. Novemba mwaka huohuo alimpiga risasi na kumuua Tamir Rice, mvulana wa miaka 12 aliyekuwa na bastola ya kuchezea. Hakushtakiwa. Alifukuzwa 2017, tena si kwa tukio hilo, bali kwa kutosema ukweli kwenye fomu ya maombi ya kazi.

Tangu hapo baadhi ya majimbo yamekaza kamba. Pennsylvania ilipitisha sheria mwaka 2020 inayotaka kikosi kikague rekodi za mwombaji kule alikotoka kabla ya kumwajiri. California ilifuata 2021: askari mwenye makosa mazito anaweza kufutiwa cheti hata kama ameshajiuzulu.

Lakini kukagua si kukataza. Julai 2022, mji mdogo wa Tioga, humohumo Pennsylvania, ulimwajiri Loehmann. Wananchi walipopinga, alijiondoa baada ya siku chache. Kilichomzuia hapo ni sauti za watu, wala si sheria.

Kwa hiyo, tunapowasomea kwenye taarifa ya habari kwamba askari fulani amejiuzulu, msidhani habari imeisha. Yapo maswali matatu ya kuuliza: faili lake limebaki kwa nani? Mwajiri mpya analazimika kulisoma? Na akishalisoma, nani ana mamlaka ya kusema hapana?